Mstari wa Saba

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, kaka mkubwa alikaa kwenye kochi la mama yao, kompyuta mapajani, akimjazia mama ukurasa wake. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, miguu imevimba, ameinyoosha juu ya stuli. Kaka aliuliza, mama akajibu, kaka akaandika. Jina. Jina la utotoni. Baba. Mama. Mahali alipozaliwa. Kwenye kazi, mama alisema aandikwe mshonaji. Kaka akasema mshonaji ni mtu mwenye duka na kibao nje, akaandika mama wa nyumbani. Mama hakubisha. Moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari alishawaambia wasimchoshe kwa maneno.

Ukoo ule una tovuti yake, ya aina ile ambayo mwanaukoo yeyote anaweza kuingia, kuandika na kusahihisha. Kila mtu ana ukurasa, na kurasa zote zina visanduku vilevile, kwa sababu zote zimenakiliwa kutoka ukurasa wa babu, uliokuwa wa kwanza. Ukifungua ukurasa mpya unakuta habari za babu zimeshajaa, nawe unafuta za babu unaandika zako. Ukisahau kufuta, imekula kwako. Binamu yao, mwalimu wa hesabu, alisahau kisanduku cha kazi, na babu alikuwa seremala. Tangu hapo mwalimu akiinua mkono kuandika ubaoni, maranda ya mbao yanamwagika kutoka ndani ya shati. Wanafunzi wamezoea, na mkewe amenunua ufagio mgumu. Baba yao mdogo naye aliandikiwa mwaka wa kuzaliwa usio wake, akaota meno mapya na kuanza kupanda ngazi mbili mbili. Mkewe aliomba kosa hilo liachwe kama lilivyo.

Kilibaki kisanduku cha watoto.

"Haya, wataje," akasema kaka.

Mama akawataja kama walivyozaliwa, akikunja kidole kwa kila jina. Kaka hakuwaandika hivyo. Alifuata utaratibu wa ukurasa wa babu: wa kiume kwanza, yeye mwenyewe juu kabisa, kisha wa kike walioolewa, maana kurasa zao zimeunganishwa na za waume zao. Aliyebaki alikuwa Chachu, mtoto wa nne, ambaye ndoa yake ilivunjika na ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akiishi na mama. Kaka akabonyeza ashuke mstari wa saba. Hakushuka. Babu alizaa watoto sita, kwa hiyo mistari ilikuwa sita.

"Haiingii," akasema.

"Nini hiyo haiingii?"

"Nitaishughulikia baadaye, mama." Akabonyeza kuhifadhi.

Chachu alikuwa jikoni. Alikuwa mwokaji kwenye kiwanda cha mikate, anaondoka alfajiri na kurudi mchana na unga kwenye nyusi, lakini jina hilo hakupewa na kazi. Mama alimpa akiwa mchanga, kwa sababu akinyimwa ziwa mashavu yalikuwa yanaumuka. Aliingia na sinia la chai. Mama alipomwona alijivuta kwenye kiti, akaweka mgongo sawa, akashusha gauni kufunika miguu.

"Asante, binti," akasema. "Karibu ukae. Samahani, wewe ni wa nyumba ya nani?"

Mama alikuwa mtu wa utani, na Chachu akajua ni utani. "Wa nyumba ya yule mama mwenye miguu kama magunia ya ngano," akajibu.

Mama akacheka kidogo, kwa adabu, kama mtu anayechekea asichokielewa. Kisha akamgeukia mwanawe. "Ni ndugu wa mkeo?"

Kaka mkubwa akaangalia kompyuta, akamwangalia mama, akachukua kikombe chake. "Aa," akasema. "Ni kile kisanduku." Akaongeza sukari, akakoroga.

Mama alikuwa mkarimu, na ukarimu wake ndio uliomuumiza Chachu kuliko kitu chochote. Angefukuzwa angepata la kugombania. Alikaribishwa. Alipewa kikombe chenye maua ambacho watoto wa nyumba ile hawaruhusiwi kukishika. Aliombwa asihangaike na vyombo, wewe mgeni bwana, kaa. Alisimuliwa, taratibu na kwa fahari, habari za watoto sita: huyu ana duka la dawa, huyu yuko mbali lakini ana moyo mzuri, huyu kitinda mimba wangu jamani, anachekesha. Chachu alisikiliza habari za ndugu zake mpaka mwisho. Alipojaribu kusema, "Mama, mimi nimezaliwa baada ya huyo wa tatu," mama alimgusa mkono kwa huruma. "Pole, mwanangu," akasema, kwa namna mwanamke yeyote mzima anavyomwambia mtoto yeyote wa mtu. "Inaonekana umepitia mengi."

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama alikuwa mstaarabu, jembe hakutoa. Siku ya tatu aliuliza tu kama kwao Chachu hawataingiwa na wasiwasi. Usiku alianza kufunga komeo la chumba chake, si kwa ubaya, na bafuni hakumruhusu. Nani anakubali kuogeshwa na mtu asiyemjua? Chachu alisimama nje ya mlango wa bafu akasikia maji yanamwagika, kopo linaanguka, mama anahema, na ule mkono alioujua kuliko wake unapapasa ukuta kutafuta pa kushika. Alibisha. "Usijali, mgeni, nimekaa tu," mama akajibu kutoka sakafuni.

Ikabidi kitinda mimba aje kutoka kwake kwa basi, na mkoba na haraka zake. Aliingia bafuni na mama, akatoka na taulo begani, akamwita dada yake uani.

"Lile kovu halipo."

Katika watoto saba, Chachu peke yake ndiye aliyezaliwa kwa kisu. Kovu lilikuwa limekatiza tumbo la mama chini ya kitovu, nene kama mshono wa gunia, na baridi ikizidi mama alikuwa analikanda kwa kitambaa cha moto huku akimlaumu Chachu kwa kichwa kikubwa.

"Umeangalia vizuri?"

"Dada, tumbo laini kama la msichana. Nimeangalia mpaka mama ameniuliza natafuta nini." Kitinda mimba akaanika taulo kwenye kamba, akatazama saa. Basi la kurudi lilikuwa la mchana.

Chachu alikwenda kwenye duka la kompyuta karibu na kiwanda, akalipia nusu saa, akafungua ukurasa wake mwenyewe. Huo haukuwa umefungwa. Kurasa za wazazi zilifungwa zamani, baada ya mtu fulani kumwongezea babu mke wa tatu na bibi kuhama chumba akiwa kaburini, na tangu hapo ufunguo anao kaka mkubwa pekee. Kwenye kisanduku cha mama, Chachu akaandika jina la mama yake herufi kwa herufi. Kilipokea. Ukurasa wake ukasema mama yake ni nani, na ukurasa wa mama ukaendelea kutomjua, na kompyuta haikuona ubaya wowote. Alirudi nyumbani anakimbia, na mkate wa moto kwapani. Mama alifungua mlango kidogo. "Karibu tena," akasema. "Leo umeleta mkate! Usingejisumbua."

Kutoka hapo alikwenda kwenye duka la dawa la kaka mkubwa bila kuvua aproni.

Kaka alikuwa anamhudumia mteja mwenye kikohozi. Chachu hakusubiri zamu. "Kaka, niongezee mstari mmoja tu."

"Nimeshakueleza kwenye simu. Kiolezo, ule ukurasa wa babu, ni kimoja kwa ukoo mzima. Nikiongeza kwa mama, umeongezeka kwa wote."

"Na uongezeke! Unamdhuru nani?"

"Mstari mtupu ndio unaodhuru. Miezi mingapi nimekaa naandika 'hakuna' kwenye kila mstari uliobaki wazi? Kwa shangazi peke yake nilisahau mmoja, na unajua yaliyompata."

Chachu alijua. Kila jioni, kwa shangazi kunabishwa hodi. Ukiuliza nani, anajibu "ni mimi." Anaingia, anakula, anaosha sahani yake, anamwamkia shangazi kwa heshima na kuondoka. Jina hana. Shangazi amemzoea na anampikia, ila analalamika kwamba anakula sana.

"Sasa unataka ukoo mzima ugongewe milango," akasema kaka, "kwa ajili ya mtu mmoja."

"Hapo kaka amesema kweli," akasema mteja, akakohoa.

"Wewe kunywa dawa yako!" Chachu akamfokea. Kisha akaegemea kaunta ya kioo, akalia mbele za watu kama mtoto aliyepotezwa sokoni. "Kaka, mama anakufa. Anakufa hanijui. Miaka yote hii ni mimi ninayemkata kucha. Ni mimi ninayejua analalia upande gani. Nataka aniite mara moja tu, aniite jina langu, halafu Mungu afanye atakalo."

Kaka mkubwa hakuwa mtu mbaya. Watu wabaya ni rahisi, unawachukia na mambo yanakwisha. Alikata pamba kutoka kwenye bunda, akampa ajifute.

"Mimi ningesema hata niandike tu kwa nguvu," akasema, "lakini niandike kwa ushahidi gani? Hata kovu halipo. Ila kuna njia. Mwombe mmoja wetu akuachie nafasi yake. Yeye atoke, wewe uingie. Mimi siwezi, nikitoka mimi hakuna wa kushika ufunguo. Wengine waulize."

Chachu aliwapigia simu kutoka ngazi za nyuma za kiwanda, kwenye joto la tanuri, trei zikigongana ndani. Hakuomba nafasi ya kudumu. Aliomba siku moja, jua kuchomoza hadi kuzama. Kaka wa pili alisema ukweli, na ukweli wake ulikuwa mchungu lakini angalau ulikuwa ukweli. "Mimi hata simu simpigii, Chachu. Unajua. Lakini najua siku nikipiga atasema, 'Eh, umenikumbuka leo!' Ukinitoa sitakuwa na hata hilo." Wa tatu hakupokea. Kaka wa nne alisema ngoja amuulize mkewe, na mpaka leo anamuuliza. Dada mkubwa alisema ukurasa wake umeunganishwa na wa mumewe, na kwa mume watasemaje wakisikia kijana wao ameoa mtu asiye na mama?

Chachu alimwacha kitinda mimba awe wa mwisho, kwa sababu huyo yeye mwenyewe alimbeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda, na alijua huyo hatamkatalia.

"Siku moja, mdogo wangu."

"Dada, si kwamba sitaki."

"Basi taka."

"Na akifa siku hiyohiyo je?" Kitinda mimba akaanza kulia. "Akifa siku hiyo, mimi nitakuwa nani?"

Swali lilikuwa la Chachu mwenyewe. Alimbembeleza mdogo wake kwenye simu mpaka aliponyamaza, kama alivyokuwa akifanya zamani, akarudi ndani kutoa mikate.

Jioni hiyo kaka mkubwa alimpigia mwenyewe.

"Nimeona kitu," akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Babu alikuwa na mtu wa kumchotea maji na kupasua kuni. Kwa hiyo kiolezo kina kisanduku cha watumishi. Kwa mama niliandika 'hakuna'. Hicho naweza kukifuta."

Chachu alikuwa amesimama nje ya nyumba ya mama. Ndani taa ilikuwa inawaka, na mama alikuwa anajikokota kutoka kitini kwenda jikoni kutafuta maji, akishika meza, kisha kabati, kisha ukuta.

"Ataniruhusu kumwogesha?" akauliza.

"Si ndiyo kazi yenyewe?"

"Na kulala ndani?"

"Babu alimpa wa kwake chumba cha nyuma."

Mama akakosa ukuta, akayumba, akaudaka.

"Andika," akasema Chachu. "Andika haraka."

Alisikia vidole vya kaka kwenye simu. "Jina sijaweka," akasema kaka. "Lingeleta mkanganyiko na ule ukurasa wako. Nimeandika dada wa kazi."

Chachu akabisha. "Nani?" mama akauliza, kisha mlango ukafunguliwa wote, mpaka ukutani. "Wewe dada, ulikuwa wapi? Nina kiu mpaka ulimi umekauka, na vyombo vya asubuhi viko palepale!"

Alifokewa, na moyo wake ukajaa furaha. Tusimcheke. Alimpa mama maji, akaosha vyombo, na machozi yalimdondokea kwenye povu huku anatabasamu. Nguo zake zilikuwa zimeshahamia kwenye chumba kidogo cha nyuma, zimekunjwa kwenye sanduku la karatasi, wala hakuna aliyezihamisha. Usiku alimwogesha mama. Alipofika kwenye tumbo alipitisha sabuni taratibu, mahali pasipokuwa na kitu.

"Una mkono mzuri," akasema mama.

Waliishi hivyo. Chachu aliacha kazi kiwandani, maana moyo wa mama ulishuka haraka, na kutoka kitandani ikawa kazi ya asubuhi nzima. Ndugu walikuja mwisho wa juma, kwa zamu. Mwanzoni walimwita Chachu, kwa aibu, wakimsaidia kubeba sahani. Baadaye waliacha kumsaidia. Baadaye zaidi kaka wa nne alimwambia, bila kuinua macho kwenye simu yake, "Dada, niletee chumvi," na hakuna aliyestuka mezani, hata Chachu. Chumvi ikaletwa.

Asubuhi moja mama alikuwa na nguvu kidogo. Alikuwa ameegemea mito, Chachu anamchana nywele.

"Wewe dada, mimi nimekuangalia," mama akasema. "Umelelewa. Aliyekulea alifanya kazi."

"Ndiyo, mama. Alifanya kazi."

"Yuko hai?"

Kitana kilisimama. "Yuko hai."

"Na hujaenda kumwona tangu uje hapa! Hukuwahi kuomba hata siku moja." Mama akageuka kumtazama, kweli amekasirika. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, mwanangu. Huyo mama yako kila mlango ukilia anadhani ni wewe. Mimi nina sita, najua. Leo unakwenda. Kitinda mimba wangu anakuja saa hizi, atakaa na mimi."

"Si lazima, mama."

"Nimesema unakwenda. Na chukua ile mikate, usiende mikono mitupu."

Kitinda mimba alipofika, Chachu akatoka na mikate kwenye mfuko. Alitembea mpaka mwisho wa mtaa, akakaa kwenye ukuta mfupi wa karakana ya pikipiki. Mafundi walimwuliza kama anasubiri mtu. Akasema ndiyo. Alikaa hapo mchana kutwa, mfuko mapajani, akiangalia dirisha la mama yake kwa mbali. Alikuwa na uchungu ambao haukuwa na pa kwenda, akaona asiusukume, akae nao. Mikate aliwagawia mafundi. Jua lilipopungua akarudi.

Mama alikuwa macho, anamsubiri. "Umemkuta?"

"Nimemkuta."

"Anaendeleaje?"

"Anaumwa, ila leo alikuwa na nguvu. Amenikazania nile."

"Mama ni mama," akasema, na akaridhika kabisa. "Amefurahi kukuona?"

"Amefurahi sana."

"Umeona? Na wewe ulikuwa unakataa." Akampapasa mkono, akafumba macho.

Ndani ya juma hilo pumzi ya mama ikaanza kukatika, na kaka mkubwa akawaita wote. Walikuja wote sita, hata wa tatu asiyepokea simu. Chumba kilijaa. Walizunguka kitanda, dada mkubwa kichwani, kitinda mimba ameshika miguu, na Chachu upande wa dirisha na beseni la maji na kitambaa, akimpangusa mama paji la uso.

Mama akafungua macho, akawatazama mmoja mmoja. Akatabasamu. Alipofika dirishani alitabasamu pia, kwa shukrani.

"Dada," akasema, kwa shida, "tuache kidogo na wanangu. Ufunge mlango."

Chachu akatazama nyuso za ndugu zake. Kaka wa pili aliinamisha kichwa. Kitinda mimba alifungua mdomo, mikono yake ikakaza kwenye miguu ya mama, akaufunga. Kaka mkubwa alisogea kidogo ili beseni lipite.

"Haya, mama," akasema Chachu.

Akatoka, akafunga mlango taratibu, akasimama kwenye ukumbi na beseni mikononi, maji bado ya vuguvugu. Kwa ndani alisikia mama akiwaita majina, kwa sauti ndogo. Hakuwaita kama walivyozaliwa. Aliwaita kwa mpangilio wa ukurasa, kaka mkubwa kwanza, na kila aliyeitwa aliitikia. Jina la sita lilikuwa la kitinda mimba. Baada yake mama alinyamaza, akavuta pumzi kama mtu ambaye bado ana neno moja, na Chachu akasogeza sikio hadi likagusa ubao. Kisha kilio cha dada mkubwa kikapanda.

Mlango ulifunguliwa na kaka mkubwa. Macho yake yalikuwa mekundu, simu iko mkononi, imeshafunguliwa kwenye ukurasa.

"Leo tarehe ngapi?" akauliza.

Chachu akamtajia, naye akaandika.